Ndege ya bei nafuu: unafuu wake unatoka wapi?

Wengi mnanijua kama mtu wa viazi na maharagi. Leo niruhusuni nitoke kidogo shambani, niandike historia. Na historia yenyewe inaanza kwetu Kanyaruchinya, nyuma ya nyumba, Desemba 2021.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake kidogo, anachambua maharagi ndani ya lungo. Nikamwambia nimepata mafunzo ya wiki mbili Nairobi, juu ya mbegu za viazi, na nitaenda na ndege. Akafurahi, akamshukuru Mungu. Mimi nikaongeza, kwa kujisifu kidogo, kwamba ni ndege ya bei nafuu. Hapo mikono yake ikasimama.

“Bei nafuu namna gani? Mabawa yake iko yote mbili?”

Tulicheka wote. Lakini usiku sikulala vizuri, kwa sababu niliona swali lake ni la maana na mimi, na licence yangu yote, sikuwa na jibu. Nilijua tu kwamba tiketi ilikuwa chini kuliko zile nilizozoea kusikia. Kwa nini iko chini? Nani anapoteza? Ni kitu gani kimetolewa? Sikujua. Haya ninayoandika ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Kwa nini mama aliogopa

Kwanza tumpe mama haki yake. Mtu wa Goma akisikia “ndege” na “rahisi” katika sentensi moja, anakumbuka mambo.

Ndege kwetu haikuanza kama kitu cha raia. Ya kwanza kutoka Ubelgiji mpaka Kongo ilirushwa na Edmond Thieffry. Aliondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925, akafika Léopoldville tarehe 3 Aprili. Siku 51! Baadaye Sabena ikafungua njia ya kawaida, lakini ilikuwa njia ya wakoloni, barua zao na mizigo yao. Baada ya uhuru, mwaka 1961, tukapata Air Congo, ambayo mwaka 1971 ikageuka Air Zaïre. Wazazi wetu wanaikumbuka: ratiba ilikuwa jambo la bahati, ndege ikitoka leo ni leo, isipotoka ni kesho. Mwaka 1995 ikafilisika.

Sasa angalieni ramani. Kutoka Goma mpaka Kinshasa, kwa mstari wa ndege, ni karibu kilometa 1,600, na barabara ya kweli ya kutufikisha huko hatuna. Kwa nchi kama hii ndege si starehe ya matajiri, ni daraja. Daraja la serikali lilipovunjika, kila mtu aliyekuwa na ndege akaweka ubao wake. Wakati wa vita na baada yake kampuni ndogo ndogo zikajaa mashariki, na ndege zilizozeeka kwingine zikaja kumalizia maisha yao kwetu. Wazee wa Walikale watawaambia juu ya Kilambo, pale ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya kipande cha barabara ya lami, zinapakia kasiterite na kuileta Goma.

Hiyo ndiyo rahisi ya kwanza tuliyoijua: ndege kuukuu, mtu na mzigo pamoja.

Halafu volkano. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na njiani ikafunika upande wa kaskazini wa kiwanja cha ndege. Kiwanja kilichokuwa na kilometa tatu kikabaki na karibu mbili. Kwa miaka mingi ndege kubwa zilitua na kuruka kwenye kipande hicho, huku ukuta wa mawe meusi ukiwa upande mmoja na nyumba za Birere upande mwingine.

Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa kiwanja na kuingia ndani ya Birere, kwenye maduka na watu. Karibu watu 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa wanauza, wananunua, wanapita. Tarehe 24 Novemba 2019, Dornier ndogo ya Busy Bee iliyokuwa inaenda Beni ilianguka juu ya nyumba za Mapendo mara tu baada ya kuruka. Tena watu zaidi ya 20, ndani ya ndege na chini. Na tangu 2006 Umoja wa Ulaya uliziweka karibu kampuni zote za Kongo kwenye orodha ya zisizoruhusiwa kuruka kwenye anga lake.

Kwa hiyo mama alipouliza juu ya mabawa hakuwa mjinga. Alikuwa anasoma historia ya mji wake. Kwetu rahisi maana yake ilikuwa: kuna kitu kimeachwa, na kile kilichoachwa ni usalama.

Rahisi ya pili

Kumbe kuna rahisi nyingine, na hiyo ina historia yake.

Tarehe 18 Juni 1971, katika jimbo la Texas, Marekani, kampuni iitwayo Southwest ilianza kuruka kati ya miji mitatu: Dallas, Houston na San Antonio. Ilikuwa ndogo, na mwaka uliofuata pesa zikaisha mpaka ikabidi kuuza ndege yake ya nne. Zikabaki tatu, lakini ratiba ilikuwa ya ndege nne. Wafanye nini? Waliamua kwamba ndege ikitua, abiria washuke, mizigo ishuke, abiria wengine wapande, na ndege iruke tena ndani ya dakika kumi. Shida ikawa shule.

Ili mwelewe, ondokeni Texas tuje Majengo. Motari anapata pesa wakati gani? Wakati moto inatembea. Moto ikisimama kwenye parking, mwenye moto bado anataka versement yake ya siku. Chukudu ni hivyo hivyo: iliyosimama haileti hata franga moja. Ndege nayo ni chukudu ya mamilioni ya dola. Ikikaa chini saa tatu, inakula bila kuleta. Anayeirusha mara sita kwa siku anagawa deni lake kwa abiria wengi kuliko anayeirusha mara tatu, kwa hiyo kila mmoja analipa kidogo.

Jambo la pili: Southwest ilibaki na aina moja ya ndege, Boeing 737. Fikirieni parking ambapo moto zote ni za aina moja. Fundi anabeba vipuri vya aina moja, na dereva yeyote anaweza kupanda moto yoyote. Gharama inashuka bila mtu kupunguza breki.

La tatu: usilipe usichotumia. Chakula, begi kubwa, kuchagua kiti karibu na dirisha, kila kimoja kina bei yake. Anayesafiri na begi ndogo halipii tena mizigo ya jirani.

La nne ni lile wakulima wote wanalijua. Mama akiwa na shida ya pesa mwezi wa Oktoba, anauza maharagi yangali shambani. Bei inakuwa chini, lakini pesa anaipata mapema. Akingoja mpaka watu wana njaa ya maharagi, bei inapanda. Kampuni hizi zinauza viti vya kwanza kwa bei ya chini, miezi mbele, na vya mwisho kwa bei ya juu. Anayenunua usiku wa mwisho analipa kama mtu wa ndege za kawaida, wakati mwingine hata zaidi. Kwa hiyo tiketi ya dola kidogo uliyoiona kwenye tangazo si uongo, lakini si ya kila mtu. Ni ya yule aliyejua safari yake mapema.

Hapa kuna jambo la kuwaza sisi watu wa Kivu. Kujua safari yako miezi mitatu mbele ni utajiri wa namna yake. Nani kwetu anajua atakuwa wapi baada ya miezi mitatu?

Si wote waliofaulu. Mwingereza Freddie Laker alianza tarehe 26 Septemba 1977 kuwapeleka watu kutoka London mpaka New York kwa pauni 59, chakula unajinunulia. Watu walipanga mistari. Lakini Februari 1982 kampuni ilifilisika, imebeba madeni na kupigwa na washindani wenye mifuko mirefu. Ulaya ilifungua anga lake kidogo kidogo katika miaka ya 1990, na Novemba 1995 easyJet ya Stelios Haji-Ioannou ikaanza kutoka Luton kwenda Scotland kwa pauni 29. Ndiyo kusema hesabu peke yake haitoshi. Lazima pia serikali zikubali kufungua mlango.

Inafika Afrika Mashariki

Kenya ilipata Fly540. Jina lenyewe ni bei: shilingi 5,540 kwenda na kurudi Nairobi na Mombasa. Tanzania ikapata Fastjet, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 29 Novemba 2012 kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro na Mwanza. Bei ya chini kabisa ilikuwa shilingi 32,000 bila kodi, karibu dola 20. Mtu wa Mwanza aliyekuwa anakaa ndani ya basi mchana kutwa na usiku, sasa anafika kwa saa moja na nusu. Wengi ndani ya ndege zile hawakuwa wamepanda ndege hata siku moja. Lakini mwisho wa 2018 Fastjet ya Tanzania ilisimama.

Kenya Airways nayo ikazaa mtoto, Jambojet, iliyoanza kuruka tarehe 1 Aprili 2014 kwa bei ya kuanzia shilingi 2,850 za Kenya, kutoka Nairobi. Na mtoto huyu ndiye aliyekuja kutubishia hodi.

Kumbukeni mwaka 2021 ulikuwaje kwetu. Tarehe 22 Mei, jumamosi jioni, Nyiragongo ikapasuka tena. Lava ikakata barabara ya Rutshuru, ikala nyumba, ikasimama Buhene, karibu kabisa na kiwanja cha ndege. Tarehe 27 Mei tukaambiwa tuondoke, mji ukamwagika Sake na Gisenyi. Wengi wetu tulirudi tukiwa hatujui kama kuna mtu duniani bado anahesabu Goma kuwa mji.

Halafu tarehe 10 Septemba 2021, hata miezi minne haijaisha, Jambojet ikatua Goma kutoka Nairobi. Ndege yake ni Dash 8-400, ya mapanga, viti 78. Kwa jicho la hesabu ni chaguo la akili: haitaki kiwanja kirefu kama ndege kubwa, na haitaki watu 180 ili kujaa. Kwa jicho la mtu wa Kanyaruchinya ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa kama jirani aliyekuja kukusalimia baada ya moto, wakati wengine wanapita mbali.

Safari yenyewe

Sasa nirudi kwa mama na Desemba yangu.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba bei nafuu ya kampuni si bei nafuu ya nchi. Mwaka 2021 mtu aliyetoka Kongo kwa ndege alikuwa analipa Go-Pass: dola 10 kwa safari ya ndani, dola 50 kwa safari ya nje. Dola 50 ni mbuzi. Kampuni inaweza kukimbia, kupunguza, kujaza viti, lakini mbuzi yako inabaki pale pale mlangoni. Ongeza visa, kadi ya manjano na, wakati ule, kipimo cha Covid. Nilipomfanyia mama hesabu yote alisema: “Kumbe ndege njo bei nafuu, barabara ya kuifikia njo bei kali.” Sijasoma mchumi aliyeisema vizuri kuliko yeye.

Jambo la pili nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa nimebeba jibini ya Masisi mbili na kilo tano za maharagi kwa ajili ya yaya yangu anayeishi Nairobi, vyote ndani ya begi la mkononi. Begi likapimwa. Masharti yalikuwa yameandikwa kwenye tiketi, mimi ndiye sikuyasoma. Nikatoa maharagi, nikamrudishia mdogo wangu aliyenisindikiza, jibini ikasafiri. Wapendwa, someni masharti. Kwenye ndege ya bei nafuu masharti ndiyo bei.

Karibu yangu alikaa mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge. Aliniona nashika kiti kwa mikono miwili wakati wa kuruka, akacheka, kisha akanipa pipi. Yeye alikuwa amezoea basi: Bunagana, Kampala, Busia, Nairobi. Alinifanyia hesabu yake. Basi ni rahisi kuliko ndege, alisema, lakini weka siku mbili bila kuuza, weka chakula cha njiani, weka wale wa mpakani wanaotaka “kahawa” kwa kila kituo, weka woga wa kubeba pesa usiku. Ukijumlisha, tofauti inakuwa ndogo. Aliniambia anapanda ndege kwa sababu anajua kuhesabu, si kwa sababu ni tajiri.

Kutoka dirishani niliona mawe meusi ya lava, Buhene, na mabati ya kwetu. Maisha yangu yote nilikuwa naangalia ndege kutoka mashambani. Siku ile mara ya kwanza niliangalia mashamba kutoka ndege, na niliona jinsi yalivyo madogo, jinsi yamebanwa kati ya volkano na mji. Agronomia haikuwa imenionyesha kile ambacho dakika moja ya dirisha ilinionyesha.

Kufika Nairobi saa yangu ilikuwa nyuma kwa saa moja. Nikampigia mama. Neno lake la kwanza: “Mabawa?” Nikamwambia, yote mbili.

Kilichokuja baadaye

Ningependa kumalizia hapo. Lakini historia haikuishia hapo.

Juni 2022 Bunagana ilianguka, na ile barabara ya mama wa vitenge ikafungwa. Mwezi uliofuata Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa karatasi tulikuwa tumekaribiana na Nairobi kuliko wakati wowote. Mwisho wa Oktoba 2022 Rutshuru na Kiwanja zikaanguka, na watu wakashuka barabarani kwa maelfu, kwa miguu, magodoro kichwani, mpaka kwetu Kanyaruchinya. Shamba la mama, lile la maharagi, likajaa mahema. Hakumfukuza mtu. Alisema 2012 watu walikimbilia hapa hapa, na kesho anaweza kuwa yeye.

Na mwisho wa Januari 2025 mapigano yakaingia Goma. Kiwanja kikafungwa kwa ndege za abiria, mahema ya Kanyaruchinya yakaondoka pamoja na watu wake. Tangu hapo anayetaka Nairobi, au hata Kinshasa ambayo ni mji mkuu wake mwenyewe, anapita Grande Barrière, anafuata barabara ya karibu kilometa 150 mpaka Kigali, ndipo anatafuta ndege. Mfanyeni hesabu huyo mtu: usafiri, usiku, karatasi za mpaka. Tiketi inaweza kuwa ya bei nafuu kama ile ya Dar na Mwanza, lakini safari yenyewe haiwezi.

Ndiyo sababu nimeandika haya kwenu. Mwaka 1999, kule Yamoussoukro, Côte d'Ivoire, nchi za Afrika zilikubaliana kufunguliana anga. Mwaka 2018 zikarudia ahadi kwa soko moja la anga. Maandishi ni mazuri. Lakini ndege ya bei nafuu ni kitu kinachoishi kwa kutokusimama: irudi leo, irudi kesho, ijae. Kiwanja kikifungwa wiki moja, hesabu yake yote inavunjika. Bima ikipanda kwa sababu ya vita, hesabu inavunjika. Kodi ikiwa mbuzi mzima, hesabu inavunjika. Ndege kuukuu za miaka ile ziliweza kuishi ndani ya fujo, na ziliishi kwa sababu ya fujo. Hii nyingine haiwezi. Inataka amani, kiwanja na serikali inayotimiza neno lake.

Kwa hiyo tusiseme tena kwamba rahisi ni ghali na kuachia hapo. Iko rahisi ya kuacha usalama, na iko rahisi ya kuhesabu vizuri. Sisi tulipewa ya kwanza kwa miaka mingi. Ya pili tuliionja kidogo tu, ikaondoka.

Mama amerudi kupanda maharagi pale mahema yalikuwa. Udongo ulikuwa umekanyagwa ukawa kama saruji, msimu wa kwanza ulizaa kidogo, na wa pili umeanza kuonyesha sura. Asubuhi hakuna kelele ya ndege tena juu ya shamba. Wakati mwingine anasimamisha jembe na kusikiliza, kisha anaendelea.

Na nyinyi, mara yenu ya kwanza ilikuwa lini, na nyumbani walisema nini? Andikeni hapa chini. Na kama hujapanda bado, usione aibu, wengi wetu tuko hapo. Anza na kusoma masharti.